Ufa Usioonekana: Upimaji Usioharibu, Mashine Zinazojifunza na Kuta za Lamu

Utangulizi

Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta imefundishwa shuleni kwa miaka mingi kama onyo dhidi ya uzembe. Ni nadra, hata hivyo, kwa wanaoifasiri kuuliza swali ambalo fundi wa nyumba angeliuliza mwanzo: je, ufa wenyewe umeonekana? Methali inachukulia kwamba ufa uko wazi machoni pa mwenye nyumba, na kwamba kilichokosekana ni bidii yake tu. Katika majengo ya zege yaliyo karibu na bahari mambo aghalabu huwa kinyume. Ufa unapojitokeza juu ya lipu, maradhi yamekwisha kukaa ndani kwa miaka, na anayeuziba kwa mwiko na saruji huwa anaificha dalili tu.

Makala haya yanaeleza jinsi kasoro za namna hiyo zinavyoweza kutambuliwa bila kuvunja chochote, na jinsi mashine zinazojifunza zinavyoweza kusaidia kuyasoma matokeo ya vipimo. Mahali panapoangaliwa ni visiwa vya Lamu, ambako zege na mawe ya matumbawe vinakaa bega kwa bega. Hoja inayotetewa ni moja: mashine hizo hujifunza kwa majina zinayopewa na watu. Zikiletwa Lamu na majina zilizofundishwa kwingineko, zitazihukumu kuta za Lamu kwa makosa, na suala hilo linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kama linavyowahusu wahandisi.

Sakafu kabla ya saruji

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za mawe, hasa katika mtaa wa Mkomani, zimejengwa kwa matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa mchanganyiko wa chokaa na vipande vya mawe ambao hupigwapigwa mpaka ukashikana. Hiyo ndiyo sakafu. Leo neno hili hutajwa kwa maana ya chini panapokanyagwa, lakini kitenzi chake, kusakifu, bado kinahifadhi ile kazi ya kumwaga na kupiga. Kwa maneno mengine, pwani hii ilikuwa na zege lake la chokaa kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujateremshwa gatini.

Kwamba kuta hizi hufa, washairi walilijua hilo mapema. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliziangalia nyumba za wakubwa wa Pate zilivyobomoka, madaka yaliyopangwa vyombo vya thamani yakawa malalo ya ndege. Wahakiki wamelisoma jambo hilo kama funzo la kidini kuhusu ulimwengu upitao, na hawakukosea. Lakini utenzi huo unaweza pia kusomwa kama ushuhuda wa mtu aliyejua nyumba ya matumbawe inavyoporomoka pale inapokosa wa kuitunza.

Zege la kisasa liliingia polepole: hapa nguzo, pale ghorofa ya ziada juu ya kuta za kale, kwingine slabu mahali pa dari ya boriti zilizooza. Yapo pia majengo mapya kabisa ya Langoni, ya Shela na ya upande wa bara. Kubwa kuliko yote ni bandari ya Lamu katika ghuba ya Manda, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021, sehemu ya mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Machi 2012. Hivyo fundi wa leo hukutana na kuta za aina mbili, na mara nyingi huzikuta katika nyumba moja.

Zege huugua vipi

Zege lenye nondo hulindwa na ukali wa saruji yenyewe. Ndani ya zege zima mna hali ya magadi, kiasi cha 12.5 hadi 13 katika kipimo cha pH, na hali hiyo huifunika nondo kwa utando mwembamba unaoizuia kutu. Adui wa utando huo ni chumvi. Huingia kwa upepo wa bahari, kwa maji ya kisima yaliyochanganyiwa zege, au kwa mchanga wa pwani ambao haukuoshwa kwa maji matamu. Chumvi ikifika penye nondo, utando hutoboka na chuma huanza kuliwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara 2 hadi 6, na kwa kuwa haina pa kwenda huisukuma zege kutoka ndani.

Hapa ndipo methali inapoachwa nyuma. Msukumo huo kwanza huyatenganisha matabaka: ganda la juu, la sentimita chache, huachana na zege la ndani kwenye usawa wa nondo, na kati yake hubaki mwanya mwembamba kama karatasi. Kwa nje ukuta ni mzima, rangi inang'aa, na mwenye nyumba hana habari. Baadaye ndipo hutokea ufa unaofuata mstari wa nondo, kisha doa la kutu, kisha ganda zima hudondoka. Pabaya zaidi ni pale ambapo maji hupanda na kushuka au hurusha mawimbi, kwa kuwa hapo chumvi na hewa hupata zamu sawa. Nguzo za gati huugua hapo kabla ya sehemu zilizo chini ya maji daima.

Ukuta wa chokaa huugua kwa njia nyingine kabisa. Hauna nondo za kuliwa. Uhai wake umo katika kupumua: unyevu huingia na kutoka kupitia chokaa. Anapokuja mtu na kuupaka lipu ngumu ya saruji, kwa nia njema na kwa gharama, unyevu hufungiwa ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu, na mawe huanza kumung'unyika huku uso ukiwa laini. Nyumba imepata ufa usioonekana kwa sababu ya kuzibwa ufa unaoonekana.

Sikio la fundi na sikio la chombo

Fundi mzoefu hugonga. Huchukua mpini wa mwiko au kongoro la kidole, akapita ukutani pole pole akisikiliza. Penye uzima sauti ni kavu na fupi. Penye uwazi nyuma ya lipu sauti huwa nzito na yenye mvumo, kama ngoma. Huo ni upimaji usioharibu kwa maana kamili ya neno hilo, na haukuletwa na chuo chochote.

Vyombo vya kisasa vimeupanua ugongaji huo. Nyundo ya kudunda, iliyobuniwa na mhandisi Ernst Schmidt huko Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1940, hupiga uso wa zege kwa nguvu ya springi na kupima kiasi inachorudi. Zege gumu huirudisha zaidi. Chombo cha mawimbi ya sauti ya kasi hupitisha mdundo kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine na kupima muda wa safari. Katika zege jema sauti husafiri mita 3,500 hadi 4,500 kwa sekunde, au zaidi. Ikipungua chini ya 3,000 mpimaji huanza kutilia shaka, kwa kuwa sauti imelazimika kuzunguka matundu na nyufa. Viko pia vipimo vya umeme vinavyokisia kama nondo inaliwa, rada inayoonyesha mahali nondo zilipo, na kamera za joto zinazoona tofauti ya ujoto kati ya sehemu iliyoshikana na iliyoachana.

Kipimo kilicho karibu zaidi na kazi ya fundi ni kile cha mwangwi wa mgongo, kilichoendelezwa Marekani katika miaka ya 1980 na Mary Sansalone na Nicholas Carino. Kigololi cha chuma hugonga uso wa zege, mdundo husafiri hadi upande wa pili, hurudi, hugonga tena uso, na kuendelea hivyo kwa kasi kubwa. Chombo huhesabu marudio hayo. Mfano utafaa. Ikiwa slabu ina unene wa milimita 200 na sauti inasafiri ndani yake mita 4,000 kwa sekunde, safari ya kwenda na kurudi ni mita 0.4, kwa hiyo marudio ni takriban 10,000 kwa sekunde. Pakiwa na mwanya katika kina cha milimita 80, sauti haifiki mwisho. Huishia mwanyani na kurudi, safari ikiwa mita 0.16, na marudio hupanda hadi 25,000. Sikio la binadamu haliwezi kuisikia sauti ya namna hiyo, kwa sababu mwisho wake ni kama 20,000. Lakini ganda likiwa jembamba na pana, karibu na uso, hutikisika lote kama ngozi ya ngoma na kutoa mvumo wa chini. Huo ndio mvumo anaousikia fundi. Kwa hiyo fundi hakosei anaposema hapa ni patupu. Anachokosa ni kina. Kasoro iliyo mbali na uso humpita, nayo ndiyo chombo kinachoisikia.

Mashine hujifunza nini

Tatizo la vyombo ni wingi wa majibu. Slabu moja iliyogongwa kila baada ya sentimita 20 hutoa mamia ya mawimbi, na kila wimbi limechafuliwa na kelele, unyevu na nondo zenyewe. Kuyasoma kwa macho huchosha, na wasomaji wawili wenye ujuzi huweza kutofautiana. Hapo ndipo mashine inapoitwa. Wengine huita fani yake akili bandia, wengine akili unde, wengine akili mnemba. Mtu wa Lamu huenda akavutiwa na hilo la pili, maana kuunda ndicho kitenzi cha mafundi wa majahazi wa Matondoni, na chombo kilichoundwa hupimwa kwa safari.

Mashine haifundishwi kanuni. Hupewa mifano: wimbi hili lilitoka penye uzima, hili penye mwanya, hili penye matundu ya zege lisilotetemeshwa vizuri. Kila mfano una jina lake. Mashine hukisia, husahihishwa, hurekebisha mizani yake ya ndani kidogo, hukisia tena, mara maelfu. Kisha hujaribiwa kwa mifano ambayo haikuwahi kuiona. Ikifaulu, huweza kusoma mawimbi ya siku nzima katika muda mfupi sana, bila kuchoka.

Namna ya kupima kufaulu kwake ina mtego ambao msomaji hana budi kuujua. Tuseme slabu imegongwa mahali 1,000, na mahali 20 tu ndipo penye kasoro. Mashine ambayo haikujifunza lolote, inayojibu “pazima” kila inapoulizwa, itakuwa sahihi mara 980, yaani asilimia 98. Tangazo la biashara litaitaja asilimia hiyo kwa fahari. Wanaolala chini ya slabu wanahitaji kujua jambo jingine: kati ya zile kasoro 20, zimepatikana ngapi? Makosa mawili ya mashine hayalingani. Ikisema pabovu ilhali ni pazima, fundi atapoteza asubuhi moja kubandua na kupaka upya. Ikisema pazima ilhali ni pabovu, gharama hulipwa na mtu mwingine kabisa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka wakati wa ukarabati, na wafanyakazi wawili wakafa. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883, zama za Sultani Barghash. Lamu, ambako nyumba hutegemeana kuta na vyumba vya wikio hupita juu ya njia za watu na punda, haiwezi kuyasikia matukio ya aina hiyo kama habari za mbali.

Kuta ambazo mashine haijaziona

Mkusanyiko mmoja wa picha unaotumiwa sana kuzifundisha mashine kutambua nyufa ulitolewa na Chuo Kikuu cha Utah State, Marekani, mwaka 2018. Una picha zaidi ya 56,000 za madaraja, kuta na njia za zege, zenye nyufa za upana wa kuanzia milimita 0.06 hadi 25. Ni kazi ya ukarimu na imewasaidia wengi. Lakini majina yake ni mawili tu: penye ufa na pasipo na ufa. Tena ni zege la nchi ya theluji, ambalo hupasuliwa na maji yanayoganda. Mashine iliyolelewa hapo haijawahi kuona ukuta wa matumbawe, wala doa la chumvi, wala lipu ya chokaa iliyojaa vijinyufa visivyo na madhara yoyote.

Ikielekezwa ukuta wa Mkomani, itafanya mambo mawili ya hatari. Kwanza itapiga kelele kwa kila kijiufa cha lipu ya kale, ikimshawishi mwenye nyumba kuibandua na kupaka saruji, yaani kuuleta ugonjwa ambao haukuwepo. Pili itauachia ukuta laini uliopakwa saruji mwaka juzi, ambao ndani yake mawe yanageuka unga. Vipimo vya sauti navyo havina unafuu. Tumbawe lina vitundu kwa maumbile yake, na ukuta wa kale huwa mnene, karibu nusu mita, wenye nyuso mbili na vifusi katikati. Sauti hutawanyika humo. Usomaji ambao jedwali la zege lingeuita wa mauti huweza kuwa wa kawaida kwa ukuta uliosimama miaka 200, kama zile za Ngome ya Lamu iliyomalizwa karibu mwaka 1821.

Wapo watakaosema kwamba hili ni tatizo la data tu, na kwamba zikikusanywa picha na mawimbi ya Lamu litakwisha. Ni kweli kwa nusu. Nusu iliyobaki ni ya lugha. Data bila majina haifundishi, na majina mawili ya Utah hayatoshi. Kiswahili kinatofautisha ufa na mpasuko, kubanduka na kudondoka, kuvimba na kumung'unyika, na kila neno kati ya hayo linaashiria hatua au chanzo tofauti cha uharibifu. Kubanduka kwa lipu si kuoza kwa ukuta. Kuvimba hutangulia kudondoka, na tofauti hiyo ndiyo muda alionao mwenye nyumba wa kuokoa kitu. Mtu akizikusanya zote chini ya neno moja la “kasoro” ili kumrahisishia mtaalamu wa kompyuta, huwa ameitupa elimu ambayo lugha iliihifadhi bure.

Daftari la kuta

Kuna ugumu mmoja ambao vitabu vya fani hii huupitia haraka. Ili kumwambia mwanafunzi wa chuma kwamba wimbi fulani lilitoka penye mwanya, mtu lazima awe na hakika, na hakika hupatikana kwa kutindua. Upimaji usioharibu hujifunza kutokana na uharibifu. Katika daraja la zege hutobolewa vipande vya mviringo na kupelekwa maabara. Katika nyumba ya kale ya Lamu, inayolindwa na Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006, haifai kutoboa kuta ovyo, wala hakuna mwenye nyumba angekubali.

Lakini kuta za Lamu hufunguliwa kila mwaka na mafundi wenyewe. Lipu hubanduliwa, boriti iliyooza hutolewa, jiwe lililokufa hubadilishwa na jingine lililoletwa kutoka Manda. Kila ufunguzi ni jibu la mtihani linalotupwa. Kinachohitajika ni kuligonga eneo kabla halijafunguliwa, kuirekodi sauti hata kwa simu ya mkononi, kumwuliza fundi anatarajia kukuta nini, kisha kuandika alichokikuta, kwa maneno yake mwenyewe. Si kwa tafsiri ya mtafiti. Fundi akisema ukuta “umekufa” hapa na “umechoka” pale, yaandikwe maneno yote mawili, mpaka idhihirike kama ni sauti mbili au ni moja.

Kazi hiyo haimhitaji mhandisi peke yake. Kuhoji, kunakili msamiati wa kazi, kutambua visawe na visivyo visawe ndiyo kazi anayofunzwa mwanafunzi wa isimu na fasihi. Wapo mafundi wazee wa chokaa ambao wanafunzi wao wamehamia kwenye saruji, na msamiati wa chokaa hautawangoja watu wamalize kubishana kuhusu istilahi za kompyuta. Kazi hiyo pia itafichua pale fundi anapokosea, maana sikio nalo hukosea, na daftari halina budi kuyaandika makosa hayo kwa uaminifu uleule.

Yapo mambo ya kuongezwa katika kila ukurasa ambayo mtu wa mbali hangeyakumbuka. Upande ukuta unakotazama, kama ni baharini au uani. Kama umewahi kupakwa saruji, na lini. Kama kuna kisima au choo nyuma yake. Zaidi ya yote, majira. Zege lililolowa hupitisha sauti haraka kidogo kuliko lililokauka, ilhali nyundo ya kudunda hurudi kwa unyonge juu ya uso wenye maji. Basi kipimo kimoja huusifu ukuta na kingine huuponda siku hiyo hiyo. Ukuta uliopimwa mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa hazijakatika, hautajibu kama ulivyojibu Januari upepo wa kaskazi ukivuma, na mashine isiyoambiwa mwezi itadhani ni ugonjwa.